Karo Isiyonuka Nyama

Mimi nauza nyama. Naanza na hilo ili asije mtu baadaye akasema nilimficha. Bucha yangu iko Makutano, hapa Meru, ile yenye mlango mwekundu, na nina mtoto mmoja tu, Makandi. Baba yake, Kiunga, alikufa huyu msichana akiwa darasa la pili, akaniachia kisu, mizani na mtoto mwenye maswali mengi.

Huyo mtoto nimemsomesha na nyama kutoka chekechea hadi chuo kule Embu. Maini yalinunua sare, matumbo yakanunua vitabu. Halafu mwaka wake wa mwisho wakaja watu chuoni wakapiga hema, wakaanza kugawia wanafunzi wali na dengu bure, na baada ya kula mnaimba. Makandi alifuata dengu akapata Krishna, yule mungu wa Wahindi. Wenzake walishiba wakaenda zao kutafuta kazi. Wangu ndiye alibaki kuosha sufuria.

Nikasema ni mambo ya ujana, yatapita kama zile nywele za kijani alizowahi kupaka. Nywele zilipita, Krishna hakupita. Akaacha nyama. Nikameza hiyo. Akaacha mayai, nikameza. Akaacha vitunguu, na hapo nikamwuliza kitunguu kilimkosea nani. Akasema kinachafua akili. Mimi nimekula vitunguu maisha yangu yote na hakuna mtu amewahi kunipunja hata shilingi, kwa hivyo sijui ni akili gani hiyo inayochafuka.

Siku moja nilikuwa napasua mbavu, simu ikalia.

"Mama, nimekubaliwa kwa kozi," Makandi akasema. "Ni miaka miwili. Nitakaa ashramu, nyumba yetu ya ibada huku Gachoka, nisome maandiko na nyimbo. Lakini siku ya kuanza mzazi anakuja. Kuna dakshina."

"Hiyo ni ugonjwa?"

"Ni sadaka, Mama. Mwanafunzi anampa mwalimu wake, na inatoka kwao nyumbani."

"Karo, basi."

"Si karo."

Kitu kinatoka kwangu, kinaenda kwa mwalimu, na si karo. Nikaacha hilo lipite. Nikamwuliza swali lililokuwa limenikwama kooni miezi yote hiyo. "Na ukimaliza hiyo miaka miwili?"

"Nataka kubaki. Mama, mimi sitaolewa."

Sasa wacha nikueleze kwa nini niliweka kisu chini. Mimi niliolewa Meru lakini nilizaliwa Ishiara, ni Mumbeere. Kwetu msichana wako akizaa, kuna mtoto mmoja anayepewa jina lako, na huyo ndiye wajina wako. Siku ya kumwona mara ya kwanza huendi mikono mitupu, na baada ya hapo ni wako hadi ufe. Makandi mwenyewe alipewa jina la mama yake Kiunga. Zamu yangu ilikuwa inakuja. Sikuwa naota nyumba ya ghorofa, nilikuwa naota kusikia mtu akifokea katoto, wewe Cicily, toka kwa matope. Na sasa jina langu lilikuwa linaishia kwangu kwa sababu ya sahani ya dengu.

Nikamwita shemeji yangu, Kaberia. Huyu ni kaka yake Kiunga, na ndiye msemaji wa ukoo kwenye mambo ya mahari. Akiketi tu, watu wa upande ule wanaanza kujikuna. Nilimweleza yote, akasikiliza akitafuna miraa yake, kisha akatoa hukumu.

"Hiyo ni ndoa."

"Ni kozi, shemeji."

"Mama Makandi, nisikilize. Msichana anahama kwao. Anapewa jina jipya. Haruhusiwi kuolewa na mwingine. Na sasa kuna kitu kinatolewa. Wewe umesikia vibaya, hao watu ndio wanatoa. Tangu lini msichana akaenda na mali ikamfuata kutoka kwao?"

Nilijua amekosea. Sikumrekebisha, maana nilitaka mtu mkali wa kwenda naye. Mimi nilikuwa na mpango wangu: nibebe bahasha nene, nilipe mpaka hao watu waone haya, na kozi ikiisha nimdai mtoto wangu. Mtu akishalipwa vizuri huwa hana mdomo wa kukukatalia. Hivyo ndivyo nilivyofikiria, na sikuona ubaya wake.

Tukaondoka na pikapu yangu, mimi kwenye usukani. Tulipitia soko la mifugo la Ishiara kwa sababu mimi siendi safari ya kitu kimoja, mafuta si maji. Hapo nikanunua ng'ombe wa bucha ya kesho yake, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Aliyeniuzia alisema amekauka maziwa na hashiki mimba tena. Tukampakia, tukamfunga, tukaenda Gachoka.

Nilitazamia Mhindi. Kwenye geti nikapokewa na Munyi. Munyi huyu huyu, mwana wa Wambeti, aliyekuwa akitengeneza redio pale Ishiara nikiwa msichana. Sasa amenyoa kichwa kimebaki kishungi kimoja nyuma, amevaa shuka la rangi ya machungwa, na ndiye mwalimu mwenyewe, anaitwa Govinda Das. Nikamwambia mimi nitamwita Munyi. Akasema hata mama yake alikataa hilo jina lingine, kwa hivyo nijisikie nyumbani. Kwenye geti palikuwa na kibao kilichokataza nyama, pombe, sigara, miraa na muguka. Kaberia alikisoma chote akitafuna.

Makandi akaja mbio akanikumbatia. Amekonda, lakini macho yanang'aa, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama ningempata anaumwa. Akatupeleka kuona ng'ombe. Wana zizi kubwa, safi kuliko hoteli nyingi za Makutano, na hakuna hata mmoja anayechinjwa. Wanazeeka hapo hapo hadi wafe wenyewe. Jicho langu halina adabu. Kila niliyemtazama nilimwona ameshagawanyika, mguu huku, mbavu kule, sarara pembeni. Wengine walikuwa wazee hata mchuzi hawangetoa.

Makandi akamsukuma mmoja begani kwa upole. "Sogea, mama," akamwambia.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikamwuliza, "Huyo ndiye mama?"

"Wote tunawaita mama. Ng'ombe anatunyonyesha sisi sote."

Iliniuma, sitaficha. Mimi nilimnyonyesha huyu mtoto mpaka akaota meno akaanza kuniuma, na sasa nimewekwa kundi moja na kitu chenye kwato.

Tukala. Wali, dengu, maboga, chapati, na kachumbari ya nyanya tupu, nyanya zenyewe zinashangaa mwenzao ameenda wapi. Kilikuwa kitamu. Nilikula sahani mbili na nikakasirika nazo zote mbili. Kisha tukavua viatu, soksi ya Kaberia ikatoa kidole, tukaingia ukumbini. Mbele palikuwa na picha ya Krishna mwenyewe, kijana wa bluu, mrembo, na filimbi mdomoni. Munyi akaketi mkekani, Makandi kando yake. Kabla hajafungua mdomo, Kaberia akasimama.

"Sisi ni watu wa amani," akaanza, kwa ile sauti yake ya mahari. "Hatukuja kumrudisha msichana. Lakini mtu hachukui msichana wa watu kama anayeokota kuni. Huyu amesoma hadi chuo. Kwa hivyo tunataka mtamba, kondoo dume, asali, na blanketi la mama yake. Hayo mengine tutaongea tukishakunywa chai."

Munyi akamtazama kwa heshima. "Mzee, unamdai nani?"

"Bwana harusi." Akaonyesha ukutani kwa fimbo. "Huyo."

"Baba mdogo, tafadhali," Makandi akasema, akaficha uso.

Munyi alikuwa ameanza kucheka tumboni. "Mzee, huyo inasemekana ana wake zaidi ya elfu kumi na sita."

Kaberia alifikiria hilo kwa muda. "Aliwalipia wote?"

"Aliwatoa kwenye jela ya mfalme mbaya."

"Sijauliza aliwatoa wapi. Nimeuliza kama alienda kwa wazazi."

Hapo Munyi alicheka mpaka akafuta machozi na shuka lake. Alipotulia akaeleza taratibu kwamba hakuna ndoa, kuna mwanafunzi na mwalimu, na kwamba anayetoa ni nyumba ya mwanafunzi. Hakuna bei. Wengine wameleta debe la mahindi, wengine kuni. Kinachotakiwa ni kitoke kwao na kitoke kwa moyo. Kaberia aliketi kama aliyeambiwa mto Thuci umeanza kupanda mlima.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikatoa bahasha, nikaiweka mkekani. Ilikuwa nene hadi haikufungika. Munyi akanyoosha mkono, na Makandi akauwekea wake juu.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hiyo ni pesa ya bucha."

Munyi akakohoa. "Makandi, pesa za watu zimepita mahali pengi. Paa la ile jikoni tulijengewa na mtu wa baa."

"Najua. Lakini haya ni masomo yangu. Sitaki kuyaanza na damu."

Pasta wetu alisoma chuo cha Biblia kwa harambee, na mbuzi walionadiwa siku hiyo walikuwa wangu. Hakuuliza walikufaje. Aliuliza kama kuna supu. Na hapa mwalimu mwenyewe anataka kupokea, ni mtoto wangu anayemzuia. Damu ikanipanda. Nikasimama.

"Toa hayo meno," nikamwambia.

"Mama?"

"Meno yako ya mbele. Ulivunja ukiruka ua wa shule, nikakutengenezea na pesa ya matumbo. Yatoe uyaweke hapa mkekani. Halafu utoe na ile homa ya mapafu niliyokutibu na vichwa na miguu. Ukishamaliza kurudisha, uniambie ni kiungo gani kimebaki ambacho hakinuki nyama, nikiheshimu hicho."

Krishna ukutani akaendelea na filimbi yake.

Makandi alikuwa analia. "Sisemi wewe ni mbaya, Mama."

"Unasema nini?"

"Nasema sitaki kiumbe kiuawe ndio nisome."

"Ng'ombe hauawi, anachinjwa."

"Kwangu anauawa."

Nikaokota bahasha yangu, nikachukua viatu mkononi, nikatoka. Kokoto za Gachoka zina moto, lakini sikusimama kuvaa. Unajua kilichonitisha si matusi. Matusi nimeyasikia, mimi niko Makutano. Kilichonitisha ni kwamba huyu mtoto alikuwa hanihitaji. Zamani simu yake ikilia nilijua kabla sijaishika: Mama, nisaidie hiki, Mama, niongezee kile. Nilikuwa nalalamika kwa majirani, nasema huyu atanifilisi, lakini nilikuwa naringa. Tangu Krishna aje, hakuniomba kitu. Na sasa nimempa bila kuombwa, amekataa. Nikajiona ninarudi Meru nikiwa si mama wa mtu, ni mwenye bucha tu.

Nilikuwa nafungua mlango wa pikapu aliponifikia, anahema. Sikumtazama. Nyuma, yule ng'ombe mwekundu akalia.

"Huyu anaenda wapi?" Makandi akauliza.

"Unajua anaenda wapi."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Kathuri wa hoteli ameshaagiza mguu."

Akapitisha mkono kwenye vyuma. Ng'ombe akamlamba kiganja kwa ajili ya ile chumvi ya machozi, maana ng'ombe hajali unalia nini, anajali chumvi. Makandi alikaa hivyo kwa muda, mkono unalambwa. Kisha akageuka.

"Mama, nipe huyu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Nipe huyu ng'ombe. Awe ndiye dakshina yangu."

"Huyu nimemnunua na pesa ile ile uliyoikataa. Kwani unafikiri nimemlipia na sukuma wiki?"

Alifikiria. Angalau hakunidanganya. "Linanisumbua hilo. Lakini nikimkataa, atakufa."

"Kwa hivyo Krishna wako anafumba jicho moja."

"Afumbe," akasema, na akacheka huku analia, meno yangu ya matumbo yakaonekana yote. "Nipe tu, Mama. Sitakuomba kitu kingine."

"Omba kingine," nikamwambia. "Nani amekukataza kuomba?"

Hatukukumbatiana, kulikuwa na ng'ombe wa kushusha. Nikarudisha pikapu nyuma hadi kwenye tuta la udongo, Munyi akashika kamba, Kaberia akasukuma kutoka nyuma. Alisukuma kwa nguvu na kwa uchungu mwingi. "Tangu Ameru waumbwe," alikuwa akisema kila akivuta pumzi. "Watu wa msichana. Ndio wanashusha. Ng'ombe." Ng'ombe naye akampaka kinyesi kwenye suruali ya mahari, na hapo akanyamaza.

Tulirudi na pikapu tupu. Karibu na Chuka Kaberia akaniomba hii habari isifike Makutano. Alisema ametunza jina la ukoo miaka yote, hajawahi kutoka mahali bila hata kuku, na leo amelipa mahari kwa mtu wa bluu. Nikamwahidi. Ahadi yenyewe ndiyo hii unayoisikia.

Asubuhi sikuwa na nyama. Kathuri alikuja kuchukua mguu wake, akapata mlango mwekundu umefungwa, akanipigia kunieleza mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Nilimwambia ng'ombe amepata kazi ya dini. Akakata simu. Wateja wengine wawili walihamia kwa jirani na mmoja hajarudi mpaka leo, na huyo ndiye alikuwa akilipa taslimu. Sijui kama nilijuta. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nangoja simu.

Ilikuja jioni moja nikiosha mizani.

"Mama, amefanyiwa sherehe," Makandi akasema. "Tumemwosha, tumemvalisha maua. Hapa kila ng'ombe mgeni anapewa jina, na anayempa ni yule aliyemleta. Wenzangu walikuwa wanataka la miungu. Nikawaambia hapana, huyu ana lake."

"Lipi?"

"Cicily."

Nikaacha maji yaendelee kumwagika. "Umempa ng'ombe jina langu?"

"Si ndivyo mnavyofanya kwenu? Wajina." Nikafunga mfereji. "Ulikuwa unaniambia tangu nikiwa mdogo. Mimi sitakuzalia, Mama, na najua ulikuwa unangoja. Kwa hivyo nimemwita jina lako. Kila asubuhi namwamkia. Nasema, sogea, mama Cicily."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri tayari, kuhusu pembe na kuhusu mkia. Lakini niliketi kwenye gogo la kukatia nyama, nikalia kama mtu aliyepigiwa simu ya hospitali kwamba wote wawili, mama na mtoto, ni wazima. Makandi akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, sana, na kwamba ale vizuri, amekonda.

Kesho yake nilifunga bucha mapema nikaenda agroveti, lile duka la vitu vya mifugo nyuma ya stendi. Nikaomba gunia la pumba na jiwe la chumvi ya kulamba. Nikalipa na pesa ya maini, na Krishna akafumba jicho. Mwenye duka, Nkirote, ananijua miaka mingi. Hajawahi kuniona nikinunulia ng'ombe kitu isipokuwa kamba.

"Mama Makandi, kwani umeanza kufuga?"

"Ni zawadi ya wajina wangu. Naenda kumwona, na siwezi kwenda mikono mitupu."

Akaacha kupima. "Umepata wajina na hukutuambia? Mtoto wa nani?"

"Wa Makandi," nikasema. "Funga vizuri hilo gunia, ni safari ya mbali."